Kigari cha goti baada ya kuunganishwa kifundo cha mguu: tathmini ya wiki tisa

Nimetumia kigari cha goti kwa muda wa wiki tisa, tangu siku ya tano baada ya kufanyiwa upasuaji wa kuunganisha kifundo cha mguu wa kulia hadi siku niliporuhusiwa kuukanyagia mguu huo nikiwa nimevaa buti ya matibabu. Naandika tathmini hii kwa ajili ya mtu aliyekwisha kupangiwa tarehe ya upasuaji kama huo, au ndugu atakayemuuguza, ambaye anajiuliza kama kifaa hiki kinafaa kuwapo nyumbani na kitumike vipi. Hukumu yangu naitanguliza: kuanzia wiki ya tatu kigari hiki kilinisaidia kuliko kifaa kingine chochote nilichokuwa nacho, lakini katika wiki mbili za mwanzo kiliniletea madhara, na madhara hayo yalitokana na ubora wake wenyewe. Kinarahisisha mno kutembea wakati ambapo mgonjwa hatakiwi kutembea.

Kwa asiyekifahamu, kigari cha goti kinafanana na skuta ya watoto iliyowekewa kiti. Kina magurudumu manne, mawili ya mbele yanayofuata usukani na mawili ya nyuma yasiyopinda, na katikati kina pedi ya sponji iliyofunikwa kwa ngozi bandia ambayo huweza kupandishwa au kushushwa. Mgonjwa hupiga goti la mguu unaouguzwa juu ya pedi hiyo, muundi ukalala juu yake na unyayo ukaning'inia nyuma, kisha hujisukuma kwa mguu mzima huku ameshika usukani kwa mikono miwili. Breki iko mkononi kama ya baiskeli. Changu kilikuwa na uzito wa kilo 10 hivi, magurudumu yake ya mpira mgumu usiojazwa upepo yalikuwa na kipenyo cha sentimita 20, na kibandiko chake kilieleza kwamba kinahimili mtu wa hadi kilo 136. Kuna aina nyingine zenye tairi kubwa za kujazwa upepo kwa ajili ya njia zenye kokoto. Hizo sikuzitumia, kwa hiyo sizisemei.

Kabla sijaingia kwenye breki na pedi, inanilazimu nieleze kwa nini mguu uliounganishwa hautakiwi kugusa chini, kwa sababu thamani yote ya kifaa hiki iko hapo. Kifundo changu kilivunjika miaka mingi iliyopita, kikaunga vibaya, na gegedu inayolainisha mkutano wa mifupa ikalika kidogo kidogo hadi mfupa ukawa unasagana na mfupa mwenzake kila nilipopiga hatua. Upasuaji wa kuunganisha unaondoa kabisa mjongeo wa kiungo kile ili kuondoa maumivu yake. Daktari alinionyesha kwa ngumi zake mbili: alizigusanisha, akasema kwamba angeondoa gegedu yote iliyobaki na tabaka jembamba la mfupa mgumu lililo chini yake hadi apate mfupa unaotoa damu pande zote mbili, kisha angezibana pande hizo kwa skrubu tatu, na kuanzia hapo kazi ingekuwa ya mwili wangu. Skrubu hushikilia tu, mfupa hujiunga wenyewe. Mfupa mchanga hujengwa kuvuka ule ufa kama daraja, na katika wiki za mwanzo daraja hilo ni laini kiasi kwamba likitikiswa mara kwa mara mifupa inaweza isiunge, na mgonjwa akarudishwa kwenye meza ya upasuaji. Ndiyo maana wengi wetu huambiwa tusikanyage kwa muda wa wiki sita hadi 12, kutegemea kiungo kilichounganishwa, ubora wa mfupa na kinachoonekana kwenye picha ya eksirei. Ndiyo maana pia madaktari hulisemea jambo la sigara kwa ukali, kwa kuwa mvutaji yuko katika hatari kubwa zaidi ya mifupa yake kukataa kuunga. Mimi niliambiwa wiki sita, zikaja kuwa kumi.

Kutokanyaga maana yake ni kutokanyaga hata kidogo, hata kwa kuegemeza ncha za vidole sakafuni wakati wa kugeuka au kunyoosha mkono kuchukua kitu. Hapa ndipo magongo yanapomshinda mtu mwenye umri wangu. Kwapa zinauma, viganja vinauma, mabega yanachoka, na mtu akichoka huanza kuibia: anaugusisha mguu kidogo, mara moja, akiwa jikoni na hakuna anayemwona. Nilijikuta nikifanya hivyo siku ya nne. Juu ya kigari hakuna haja ya kuibia, kwa sababu uzito wa upande ule umelala juu ya pedi, na mguu umefichwa nyuma mahali usipoweza kusaidia hata ukitaka. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu pekee ya kutosha ya kuwa na kifaa hiki, na mengine yote ni ya ziada.

Sasa nieleze siku ya tano. Ganzi niliyochomwa nyuma ya goti ilikuwa imekwisha tangu usiku wa kwanza, maumivu makali yalikuwa yameanza kutulia kwa dawa, na maagizo niliyotoka nayo wodini yalikuwa mafupi: mguu ukae juu kuliko moyo muda wote wa mchana na usiku, nikiinuka iwe ni kwa ajili ya choo au kujisafisha. Nilipokuwa na magongo peke yake niliyatii maagizo hayo bila shida, kwa kuwa kila safari ilikuwa adhabu. Kigari kilipofika, shemeji yangu akakifunga usukani na kukaza bolti zake, nikakipanda kwa majaribio na kuzunguka sebuleni. Sikuwa nimejisikia mzima namna ile tangu nilipotoka hospitali. Nikaenda jikoni, nikaosha vyombo vilivyokuwa kwenye sinki kwa mikono yangu yote miwili, nikapanga nguo, nikarudi sebuleni, na kwa jumla nilikaa juu ya kile kigari karibu saa nzima.

Aliyegundua ni binti wa dada yangu, mtoto wa miaka kumi, aliyekuwa ameketi chini akifanya kazi za shule nyuma yangu. "Mama mdogo," aliniambia, "vidole vyako vimebadilika rangi." Niligeuka nikaangalia. Vidole vilivyochomoza kwenye plasta vilikuwa vimevimba hadi mikunjo yake imepotea, na rangi yake ilikuwa ya zambarau iliyoiva, kama jeraha la zamani. Nilipolala na kuuinua mguu ndipo nilipoanza kuhisi plasta ikinibana pande zote. Dada yangu alipiga simu wodini, na muuguzi akamwelekeza vizuri: aniwekee mito mitatu chini ya muundi, anitake nichezeshe vidole, abonyeze ukucha wa kidole gumba na kuangalia kama rangi inarudi haraka, na kama maumivu yangeongezeka badala ya kupungua, au vidole vingekufa ganzi, tusisubiri asubuhi. Rangi ilirudi. Ilichukua sehemu kubwa ya jioni kwa uvimbe kupungua, na sikupata usingizi hadi usiku wa manane.

Nimelieleza kwa urefu kwa sababu maelezo yaliyokuja na kigari hayakulitaja kabisa. Karatasi nzima ilihusu namna ya kukunja usukani na uzito unaoruhusiwa. Mguu uliotoka kupasuliwa hauna namna nzuri ya kurudisha maji na damu juu. Ukining'inia, kila kitu kinashuka na kubaki huko, na goti lililokunjwa na kubebeshwa uzito linazidi kuzuia njia ya kurudi. Uvimbe huo si wa kuumiza tu. Ngozi ya kifundo ni nyembamba, haina mafuta wala nyama za kuikinga, na uvimbe ukivuta nyuzi kidonda huchelewa kufunga, na kidonda kisichofunga ni mlango wa vijidudu kuelekea kwenye skrubu na mfupa. Kwa mtu anayejiuguza nyumbani, wiki mbili za mwanzo ni za kidonda. Wiki za mfupa huja baadaye.

Tangu siku ile hadi nyuzi zilipotolewa siku ya 15, kigari kilitumika kunipeleka chooni na kunirudisha, basi. Dada yangu alikihamishia chumba kingine na akawa anakileta nikimwita. "Mdogo wangu, chombo hiki kikikaa karibu nawe hutalala," alisema, na alikuwa na haki. Ningemshauri kila anayeuguza mtu wa namna hii afanye vivyo hivyo bila kuona haya.

Pedi na urefu wake vinahitaji uangalifu zaidi ya unavyodhani unapokitazama kifaa kwa mara ya kwanza. Kipimo sahihi hupatikana ukiwa umesimama wima kwa mguu mzima, umevaa kiatu utakachokuwa ukikivaa kila siku, goti la mguu mwingine likiwa limekunjwa sawasawa juu ya pedi na nyonga zote mbili zikiwa katika mstari mmoja. Changu kilikuwa chini kwa tundu moja tu, tofauti ya sentimita mbili na nusu hivi, na kwa siku tatu niliamka na maumivu ya kiuno upande wa kushoto ambayo nilidhani ni ya kulala sana. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliponiona nikiingia alicheka kwa upole, akaniambia nishuke, akapandisha pedi, na maumivu yale hayakurudi tena. Kuhusu kiatu, chagua kimoja chenye soli isiyoteleza na ubaki nacho, kwa maana ukibadilisha soli nene kwa kandambili umeshabadilisha urefu wa kila kitu.

Pedi yenyewe ni fupi mno, na hili ni kosa la aliyebuni. Baada ya nyuzi kutolewa nilifungwa plasta ngumu, ile ambayo wengi tunaiita hogo, kutoka kwenye vidole hadi chini kidogo ya goti. Ukingo wa juu wa hogo uliangukia kwenye ncha ya mbele ya pedi, kwa hiyo kila nilipojisukuma ukingo ule ulinididimia kwenye ngozi iliyo chini ya goti. Mwisho wa wiki ya tatu palikuwa na mstari mwekundu usiofifia hata nikilala usiku kucha. Taulo lililokunjwa lilikuwa likiteleza, na kuteleza juu ya kigari ni hatari kuliko mstari mwekundu. Kilichofaa ni kipande cha blanketi zito ambacho dada yangu alikikata kwa umbo la pedi na kukishonea lastiki pande nne ili kikumbatie chini yake, kikiwa na mfereji katikati wa kulaza muundi. Mwenye nafasi ya kuchagua achukue kigari chenye pedi ndefu yenye mfereji kama huo tangu mwanzo, na akifanyie majaribio akiwa ameweka kitu kigumu mguuni badala ya mguu mtupu.

Sasa breki, ambayo ndiyo lawama yangu kubwa. Kigari changu kilikuwa na breki moja, inayovutwa kwa mkono wa kulia na kushika gurudumu la nyuma la upande mmoja, pamoja na kidude cha kubonyeza ili ibaki imefungwa unaposimama. Wiki mbili za mwanzo ilishika vizuri. Katika wiki ya nne nilisimama mbele ya kabati, nikafunga breki, nikainama kuchukua kitu kwenye rafu ya chini, na kigari kikaanza kurudi nyuma polepole huku goti langu liko juu yake. Mwili una mazoea yake ya miaka yote: ukihisi unaanguka, hautafuti ruhusa ya daktari, unashusha mguu. Kisigino cha hogo kiligonga sakafu kabla sijashika mlango wa kabati. Mlio wake ulikuwa mdogo, kama wa kikombe kinachowekwa mezani, lakini niliketi pale chini nikilia kwa hofu kwamba nimevunja kila kilichokuwa kimejengeka kwa mwezi mzima. Kesho yake picha ya eksirei ilionyesha kwamba skrubu ziko mahali pake, na daktari akaniambia kwamba mguso mmoja mwepesi ndani ya hogo si sawa na kutembelea mguu. Nilimshukuru Mungu, lakini sikukipanda kigari kile hadi kilipotengenezwa.

Shemeji yangu, ambaye amezoea kurekebisha baiskeli za watoto wake, alikigeuza juu chini na kuona tatizo kwa dakika moja. "Shemeji, waya huu umelegea," alisema, "na haukuwahi kukazwa tena tangu utoke kiwandani." Waya mpya wa breki hunyooka kidogo katika siku za mwanzo za matumizi, na kila anayetengeneza baiskeli analijua hilo, kwa hiyo panakuwa na nati ya kuukazia pale kwenye mkono wa breki. Alizungusha nati ile mara tatu, akajaribu kukisukuma kigari kikiwa kimefungwa, kikakataa kusogea. Mtengenezaji hakuliandika hilo mahali popote. Kifaa kinachouzwa kwa mtu ambaye haruhusiwi kuweka mguu chini kwa namna yoyote kilistahili breki mbili, moja kwa kila gurudumu la nyuma, na maelekezo ya kukagua waya kila wiki kwa herufi kubwa. Sioni namna ya kulihesabu hili kuwa kasoro ndogo. Tangu siku ile, kila asubuhi kabla ya kukipanda, nilifunga breki na kukisukuma kwa nguvu kwa mikono miwili huku nimeketi kitandani.

Kugeuka kunahitaji mafunzo. Kwa kuwa mwili umeegemea upande wa mguu mzima, ukikata kona ya ghafla kuelekea upande wa pili kigari huinua gurudumu moja na kutaka kupinduka. Dawa yake ni kupunguza mwendo, kusimama kabisa ikibidi, na kugeuka kwa vipande vifupi vifupi kama mtu anayegeuza gari mahali pembamba. Vizingiti vya milango havirukwi hata kidogo: unafunga breki, unasimama kwa mguu mzima, unainua usukani hadi magurudumu ya mbele yavuke, kisha unasukuma. Mazulia madogo na waya za umeme zilizopita sakafuni viondolewe kabla mgonjwa hajarudi nyumbani. Na kuna jambo moja ambalo hulijui hadi likupate, nalo ni kwamba mguu unaouguza uko nyuma yako, nje ya macho yako, umechomoza kama mkia. Mara mbili nilipita mlangoni nikidhani nimemaliza kupita, nikageuka, na kisigino cha hogo kikagonga fremu. Baada ya hapo nilizoea kuhesabu moja mbili kimoyomoyo baada ya kila mlango ndipo nigeuke. Ni vyema pia upana wa milango upimwe mapema, hasa wa choo, kwa sababu usukani ndiyo sehemu pana kuliko zote na wangu ulipita ukiwa umebakiza vidole viwili kila upande.

Je, kigari kinaondoa haja ya magongo? Hakiondoi. Kwenye ngazi hakitumiki kwa hali yoyote, na mwenye nyumba ya ghorofa atahitaji kujifunza kupanda na kushuka kwa magongo, au kwa kuketi na kujivuta ngazi moja baada ya nyingine kwa makalio, jambo ambalo wataalamu wenyewe hulifundisha na halina aibu yoyote. Bafuni sikukiruhusu kabisa, maana sakafu yenye maji na magurudumu ya mpira mgumu havipatani. Niliingia kwa magongo hadi kwenye kiti cha plastiki chenye miguu minne ya mpira, hogo likiwa ndani ya mfuko maalumu unaobana juu ya goti, mguu nimeuegemeza kwenye kiti cha pili nje ya maji. Mfuko ule ulifanya kazi yake kwa wiki zote bila kuvuja, nao ni kitu kidogo ninachokisifu bila sharti lolote. Kikapu cha mbele ya kigari nacho kilifaa kwa simu, dawa na chupa ya maji, ila kisijazwe mizigo mizito.

Kuna watu ambao kifaa hiki hakiwafai, na wengine hugundua baada ya kukinunua. Aliyeunganishwa goti hawezi kulikunja, kwa hiyo kigari hakina maana kwake. Mwenye goti bovu upande ule ule, au nyonga inayouma, au mguu wa pili ulio dhaifu, atateseka, kwa kuwa mguu wa pili ndio unaosimama na kusukuma peke yake siku nzima. Mwenye kizunguzungu kutokana na dawa za maumivu asikipande mpaka kichwa kitulie, na mwenye tatizo la kuhisi miguuni, kama wagonjwa wengi wa kisukari cha muda mrefu, azungumze na daktari kwanza, maana anaweza kuchubuka juu ya pedi bila kujua. Aliyeunganishwa kiungo cha kidole gumba cha mguu mara nyingi hupewa kiatu maalumu cha kutembelea kisigino na huenda asihitaji kigari hata siku moja. Kwa upande mwingine, waliounganishwa viungo vilivyo chini ya kifundo, katikati au nyuma ya unyayo, wako katika hali inayofanana na yangu, na mengi niliyoyaeleza yanawahusu.

Nilitaja kwamba mguu mzima unafanya kazi peke yake, na ningependa kuliongezea hilo uzito. Katika wiki ya tano kisigino changu cha kushoto kilianza kuuma kila asubuhi, na paja likawa linakaza. Mtaalamu wa viungo alinipa mazoezi ya kunyoosha msuli wa nyuma ya mguu kwa kusukuma ukuta, akanitaka nipunguze safari zisizo za lazima na nivunje muda wa kukaa juu ya kigari: dakika chache za kazi, kisha kuketi na kunyoosha goti la kulia ambalo lilikuwa limeanza kuzoea kukunjwa. Alinifundisha pia kukaza na kulegeza misuli ya paja na kuchezesha vidole ndani ya hogo mara nyingi kwa siku. Mguu ulionyamazishwa kwa wiki nyingi una hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, na kigari hakiiondoi hatari hiyo. Nilichomwa sindano za kuzuia damu kuganda kwa muda niliopangiwa, na nyumbani kwetu kila mtu alijua dalili za kukimbilia hospitali bila kungoja, ambazo ni maumivu au uvimbe mpya kwenye shavu la mguu, kifua kuuma na kukosa pumzi ghafla.

Mwisho wa wiki ya sita nilikwenda kupiga picha nikiwa na matumaini makubwa. Ufa ulikuwa umeanza kufifia upande mmoja tu, na daktari akaniongezea wiki nne. Sitaficha kwamba nilivunjika moyo, lakini naamini ningekuwa kwenye magongo peke yake wiki hizo nne zingenishinda, na huenda ningeibia tena. Kwa kigari niliweza kusimama mezani, kupika, kufua vitu vidogo na kumfungulia mtoto mlango anaporudi shule. Mikono yangu ilikuwa huru, na hilo peke yake lilinirudishia nusu ya maisha yangu wakati nusu nyingine ikisubiri mfupa.

Wiki ya kumi picha ilionyesha mfupa umevuka. Nilivalishwa buti ndefu ya matibabu, nikaagizwa kuanza kwa uzito mdogo nikisaidiwa na magongo, nikiongeza kidogo kila wiki, na nikaambiwa kwamba uvimbe wa jioni unaweza kuendelea hadi mwaka mmoja. Hapo kigari hakikufaa tena na nilikiacha siku hiyo hiyo, kwa sababu mfupa unaoanza kubeba uzito huimarika kwa kubebeshwa, na kuendelea kupiga goti juu ya pedi kungeuchelewesha.

Kigari nimempa mtu mwingine wa familia ambaye atafanyiwa upasuaji kama wangu mwezi ujao. Kabla ya kukitoa, shemeji alibadilisha waya wa breki, akakaza bolti ya usukani iliyokuwa na mchezo kidogo, akakagua magurudumu kama yana nyufa na kuondoa nywele na nyuzi zilizojisokota kwenye ekseli. Blanketi la pedi limefuliwa na limekwenda nacho. Nimemwambia dada atakayemuuguza akiweke chumba kingine hadi nyuzi zitolewe.